Nafsi ya Kwanza Katika Kiswahili cha Bara: Mautuma na Jirani Zake, Tangu Mashamba ya Masetla hadi Insha na Riwaya

Utangulizi

Waandishi wa historia ya fasihi ya Kiswahili wamezoea kuanzia pwani na kuishia pwani. Hawana hatia katika hilo, maana tenzi na mashairi ya Pate, Lamu na Mombasa yana umri wa karne kadhaa, na hapana mahali pengine penye hazina ya namna hiyo. Lakini desturi hii imetufanya tulipite upesi swali moja lenye uzito. Mtu wa bara, ambaye Kiswahili kilimfikia pamoja na kodi na kazi ya shamba, alijifunzaje kukitumia kueleza mambo ya moyo wake mwenyewe? Na alipata wapi ujasiri wa kukiandika, hali alikuwa akiambiwa kila siku kwamba Kiswahili chake si Kiswahili?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kutoka Mautuma, ambayo leo ni wadi katika eneo bunge la Lugari, Kaunti ya Kakamega. Mautuma haina jina kubwa katika vitabu vya fasihi. Tumeichagua kwa sababu historia yake imefupisha katika vizazi viwili au vitatu mambo ambayo kwingine yalichukua muda mrefu zaidi: shamba la Mzungu, skimu ya makazi, shule ya watoto wenye lugha mbalimbali, na hatimaye daftari la insha. Pale ambapo Mautuma yenyewe haitoshi tutavuka mpaka na kwenda kwa jirani zake, hasa Bungoma na Trans Nzoia, alikotoka mwandishi tutakayemzungumzia kwa urefu baadaye.

Dai letu ni hili. Kiswahili kiliingia katika nchi hii kikiwa lugha ya amri, na mtu aliyeamriwa hakuwa na nafasi kubwa ya kusema "mimi" ndani yake. Nafasi hiyo haikuletwa na sarufi wala na sera peke yake. Ililetwa na kubuni, yaani ile ruhusa ya kusema "mimi" kwa kinywa cha mtu ambaye hayupo.

Lugha ya shambani

Baada ya Sheria ya Ardhi ya 1915, ambayo iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, uwanda wa Uasin Gishu na pembezoni mwake uligawanywa kuwa mashamba makubwa ya mahindi, ngano na ng'ombe. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na kuanzia hapo ikawa rahisi zaidi kusafirisha mazao. Watu waliolima mashamba hayo hawakuwa wenyeji wa mahali pamoja. Walitoka Maragoli, Bunyore, Kabras, Bungoma, Nandi na kwingineko, wengine wakiwa vibarua wa mwezi, wengine wakiwa maskwota waliokaa shambani na jamaa zao. Kwa mujibu wa sheria ya 1918 skwota alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kila mwanamume alikuwa na kipande chake shingoni.

Lugha iliyowaunganisha na bwana wao ilikuwa Kisetla. Wanaisimu wengi wamekieleza Kisetla kwa dharau au kwa kicheko. Sisi tungependa kukitazama kwa makini, kwani kina jambo la kutufundisha. Mwaka 1936 kilitoka kitabu cha F. H. Le Breton cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, ambacho jina lake linatangaza wazi kwamba kimeandikwa kwa ajili ya askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Msomaji wa leo ataona mara moja ni nani hayumo katika orodha hiyo. Vitabu vya namna hii havikutungwa ili Mwafrika apate kusema. Vilitungwa ili apate kuambiwa.

Na Kisetla chenyewe kilikuwa na umbo la kufaa kazi hiyo. Upatanisho wa ngeli ulipotea karibu wote. Viambishi vya nafsi vilidondoka, na mahali pake yakawekwa majina ya nafsi yaliyosimama peke yake. Kwa hiyo mtu hakusema "sitaki" wala "sijui". Alisema "mimi hapana taka", "mimi hapana jua". Kitenzi kilichotumika zaidi kilikuwa cha kuamuru, na hata hicho kiliwekwa vibaya, "kuja hapa" badala ya "njoo". Kiambishi *ni-* na kikanushi chake *si-*, ambavyo ndivyo mlango wa nafsi ya kwanza katika kitenzi cha Kiswahili, havikuwa na kazi kubwa shambani.

Hapa lazima tujihadhari. Hatusemi kwamba kibarua wa Mautuma hakuwa na nafsi kwa kuwa lugha yake ya kazi haikuwa na kiambishi. Huo ungekuwa upuuzi, na ni upuuzi ambao wakoloni waliupenda. Nafsi yake aliiacha nyumbani, katika Lulogooli, Lunyore au Lubukusu. Huko kulikuwa na nyimbo za jando, majigambo, maombolezo na ngoma ya isukuti. Kwa Wabukusu kulikuwa, na kungalipo, na yule mnenaji wa matanga anayetembea mbele ya watu akisimulia asili ya ukoo na kuwatia moyo waliofiwa, ambaye kazi yake huitwa khuswala kumuse. Mtu aliyesikia hotuba ya namna hiyo hawezi kudai kwamba watu wa magharibi walingoja shule iwafundishe kujieleza. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba mnenaji huyo huzungumza kwa niaba ya wengi. Kinywa ni chake, lakini neno ni la ukoo. Na haandiki.

Barua

Daraja kati ya kinywa na riwaya, kwa maoni yetu, lilikuwa barua. Jambo hili halijapata uchunguzi wa kutosha. Misheni ya Marafiki ilipoanza Kaimosi mwaka 1902, na nyingine zilipofuata, walioanza kusoma walisoma kwanza kwa lugha zao za Kiluyia. Lakini mtu aliyekuwa na shauri na serikali, au na mwajiri, au na ndugu aliyekuwa Nairobi akiishi na mke wa kabila jingine, alijikuta akihitaji Kiswahili. Vita Kuu ya Pili ilizidisha haja hiyo. Vijana wengi wa Kavirondo ya Kaskazini waliingia jeshini, na Kiswahili cha jeshi, pamoja na ukavu wake, kilikuwa pia lugha ya kuandikiwa na kuandika. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilikuwa na nafasi ya barua za wasomaji, na watu wa bara waliitumia.

Barua ya malalamiko ina nafsi yake maalumu, nayo ni "sisi". Sisi raia wa lokesheni fulani, sisi walipa kodi, sisi tulionyang'anywa ardhi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, na sheria ya ardhi ya Waafrika ikageuzwa mwaka uliofuata ili wachimbaji wapite, "sisi" hiyo ilipata sababu ya kupaza sauti, na Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoketi mwaka 1932 ilipokea malalamiko mengi. Ni nafsi yenye heshima, na ilifanya kazi kubwa. Lakini ndani yake mtu mmoja mmoja hujificha. Hawezi kusema kwamba anaogopa, wala kwamba anampenda fulani, wala kwamba amemchoka babake.

Pwani mambo yalikuwa tofauti. James Mbotela, mzaliwa wa jamii ya Frere Town, alikwisha kuchapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na Shaaban Robert wa Tanga aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa nathari ambayo mpaka leo twaifundisha. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikiendesha mashindano ya uandishi, na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki likafuata mwaka 1948. Lakini kipimo kilichowekwa kilikuwa Kiunguja sanifu, na kwa kijana wa Lugari kipimo hicho kilikuwa mbali kama Unguja yenyewe.

Skimu na shule

Mnamo 1962 mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa masetla na kuzigawa kwa wakulima wa Kiafrika ulianza. Kwa jumla familia kama 35,000 zilipata makazi katika mpango huo. Mautuma ilikuwa mojawapo ya skimu za Lugari. Wengi waliohamia walitoka katika vilima vya Maragoli na Bunyore, ambako mashamba yalikuwa yamekatwakatwa mpaka yakawa kama leso. Walikuja na jembe na deni, kwa maana kiwanja cha skimu kilitolewa kwa mkopo, na mkopo huo uliwasumbua baadhi yao kwa miaka mingi.

Kwa mtazamaji wa lugha, skimu ni kitu cha ajabu. Kijiji cha kale kina lugha yake. Skimu haina. Namba ya kiwanja humkutanisha Mlogooli na Mkabras, na ng'ambo ya mto kidogo kuna Mnandi, na dukani yupo Mkikuyu. Watu wasiojua mambo hudhani kwamba Waluyia wote husikilizana, lakini Lulogooli na Lubukusu zimeachana kiasi cha kutosha kuwafanya watoto wawili wapya darasani watazamane tu. Kiswahili kikawa lugha ya uwanjani, ya kisimani na ya mchezo. Na hiki hakikuwa tena Kisetla. Watoto walikipa upatanisho wao wenyewe, mara nyingi kwa kufuata ngeli za lugha za mama zao, ambazo ni nyingi na zimepangika vizuri. Mtoto wa Kiluyia hahitaji kufundishwa kwamba nomino zina makundi. Anachohitaji ni kuambiwa makundi ya Kiswahili ni yapi.

Bahati mbaya shule haikuuona utajiri huo. Miaka ya 1960 Kiingereza kilisukumwa mpaka madarasa ya chini kwa njia iliyoitwa mtindo mpya wa ufundishaji, na Tume ya Ominde ya 1964 ilikiunga mkono. Kiswahili kilibaki somo lisilo na mtihani katika shule za msingi, na somo lisilo na mtihani nchini Kenya ni kama mgeni asiyewekewa kiti. Lugha ya mama nayo iliadhibiwa. Katika shule nyingi mtoto aliyeteleza na kuisema alivishwa kibao shingoni, akizunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Babake alivaa kipande, yeye akavaa kibao. Hatutaki kuukaza mfano huu kupita kiasi, lakini umejileta wenyewe.

Si ajabu basi kwamba kizazi cha kwanza cha waandishi wa magharibi mwa Kenya kilipata sauti yake kwa Kiingereza. Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli (1947–2012), ndiye mfano mkubwa. Tamthilia yake Betrayal in the City ilitoka 1976 na kupelekwa Lagos katika tamasha la sanaa za watu weusi la 1977. Kazi yake ni nzuri na hapa si mahali pa kuibishia. Ila ikumbukwe kwamba kijana wa Mautuma aliyemaliza darasa la saba akarudi kwa babake kukama ng'ombe hakuwa na Kiingereza cha Imbuga. Alikuwa na Kiswahili, na hakujua kama kinafaa kuandikiwa kitu chochote zaidi ya barua ya kuomba kazi.

Lafudhi na karatasi

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha ujasiri tunaouzungumzia.

Mtu wa magharibi akizungumza Kiswahili hujulikana kabla hajamaliza sentensi. Lubukusu, kwa mfano, haina sauti *d* na *g* isipokuwa baada ya ving'ong'o. Kwa hiyo "dada" huweza kutoka kinywani kama "tata", na "gari" kama "kari". Watu wa miji wamejifanyia mzaha mkubwa kutokana na jambo hili, na redio na televisheni zimeuendeleza mzaha huo. Mzaha wenyewe si mbaya siku zote. Lakini mtoto anayechekwa kila afunguapo kinywa hujifunza kukifunga.

Sasa mpe mtoto huyo kalamu. Karatasi haina lafudhi. Akikumbuka kwamba neno huandikwa kwa *d*, basi ni *d*, na msomaji wa Malindi hawezi kujua ulimi wa mwandishi ulilitamka vipi. Ni kweli kwamba makosa ya matamshi huvuja na kuingia katika tahajia, na kila mwalimu anayajua. Lakini hayo husahihishika kwa wino. Kuandika humpa mtu wa bara kitu ambacho mazungumzo humnyima, yaani muda wa kulitafuta neno na kulirekebisha kabla halijaenda. Wale wasemao kwamba uandishi ni mgumu kuliko usemi hawajawahi kuchekwa kwa ulimi wao.

Insha

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Ripoti ya Mackay ya 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4, na mwaka 1985 Kiswahili kikaanza kutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi, pamoja na insha iliyoandikwa kwa dakika 40 na kupewa alama 40. Mtihani wa kwanza wa sekondari chini ya mfumo huo ulifuata mwaka 1989. Watu wameyajadili mabadiliko haya kwa upande wa ajira ya walimu na biashara ya vitabu. Sisi tunayatazama kwa upande mwingine. Kwa mara ya kwanza kila mtoto wa Kenya, wa Mautuma sawa na wa Mvita, alitakiwa na serikali aketi aandike hadithi kwa Kiswahili. Alitakiwa kubuni.

Maswali ya insha yalikuwa ya aina mbalimbali, na aina hizo si sawa. Lile linalompa mtoto sentensi ya mwanzo au ya mwisho na kumwachia kisa chote humpa pia nafsi. Aghalabu sentensi hiyo ina "nili-" ndani yake, na mtoto hana budi kuwa mtu fulani aliyetendewa jambo fulani. Mtoto ambaye hajawahi kupanda gari moshi hupanda. Ambaye mamake hai humzika na kulia. Hilo laweza kuonekana kama uongo wa mtihani, lakini ndio mwanzo wa fasihi. Swali linalomtaka atunge kisa cha kuthibitisha methali ni jambo jingine. Hapo kisa ni mtumishi wa methali. Mwizi lazima akamatwe, mkaidi lazima apate faradhi ya siku ya Idi, na mtoto anayeona kwamba maishani wezi wengine hawakamatwi hana mahali pa kulisema. Tunaamini aina hii imetumiwa mno.

Kisha likaja pambo. Kwa kuwa msahihishaji hutazama msamiati na mtindo pamoja na maudhui, sarufi na hijai, walimu na wachapishaji walianza kuuza misemo kama viungo vya pilau. Jua likawa linachomoza katika kila insha, ndege wakaimba, mtu akarauka majogoo, msichana akawa hurulaini, aliyeogopa akatoka mbio kama swara. Mtoto wa Lugari ambaye asubuhi yake ni umande wa baridi, mahindi yaliyokauka na mlio wa trekta akaandika asubuhi ya mtu mwingine.

Wenzetu wengi wameulaani mtindo huu. Sisi tunaulaani nusu. Pambo la kuazima ni kama shati la kuazima kwa siku ya harusi. Linambana mtu kwapani, lakini linamtoa nje ya nyumba. Kijana aliyekariri misemo hamsini anaweza kusimama mbele ya darasa na kusema jambo kwa Kiswahili bila kutetemeka, na kijana asiyekariri kitu hawezi. Ubaya uko katika kumwacha hapo. Alama hutolewa, mtihani hukunjwa, na hapana anayemuuliza asubuhi ya kwao ilikuwaje.

Riwaya

Mwaka 1996 kampuni ya Longhorn ilichapisha Siku Njema ya Ken Walibora. Mwandishi alizaliwa mwaka 1965 katika Bungoma na kukulia Trans Nzoia, nchi iliyopakana na Lugari na iliyokuwa nayo ya mashamba ya masetla na skimu. Lugha ya kwao ni Lubukusu. Riwaya ilisomwa na wengi mno, ikawa kitabu cha lazima katika shule za sekondari, na wapo watu wazima wa leo ambao hawajasoma riwaya nyingine ya Kiswahili wakaipenda kama hiyo.

Msimulizi wake ni kijana Msanifu Kombo, naye husema "mimi" toka mwanzo mpaka mwisho. Anaanzia Tanga, na safari yake inampeleka Kitale kumtafuta babake. Wahakiki wameisoma safari hiyo kama safari ya kutafuta utambulisho wa kijana asiye na baba, na wako sahihi. Lakini kuna jambo jingine linaloonekana kwa wazi zaidi ukiisoma kutoka Mautuma. Mwandishi wa bara alipotaka kusema "mimi" kwa mara ya kwanza katika riwaya, aliazima kinywa cha mzaliwa wa Tanga, mji wa Shaaban Robert. Kiswahili cha Msanifu Kombo hakihitaji kujitetea; amezaliwa nacho. Na mwandishi akamchukua kijana huyo hatua kwa hatua akampandisha bara, mpaka katika mji ambao mwandishi mwenyewe aliujua. Riwaya inaileta lugha nyumbani.

Tukilinganisha na Tanzania tutaona tofauti. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe (1944–2020), ambaye lugha yake ya mama haikuwa Kiswahili pia, aliweka Rosa Mistika (1971) kwao Ukerewe tangu mwanzo, na katika Kichomi (1974) akavunja kanuni za urari na vina huku wakongwe wakimkemea. Yeye alikuwa na taifa nyuma yake lililokwisha kuamua kwamba Kiswahili ni cha kila mtu. Mkenya wa bara hakuwa na tegemeo hilo. Huku Mombasa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya maandishi yake ya kisiasa, alitoa Sauti ya Dhiki (1973), na nafsi ya mshairi ndani yake ni kali kama upanga. Lakini kwa kidhana na kwa lahaja mshairi huyo alisimama juu ya karne za ushairi wa kwao. Walibora hakuwa na ngazi hiyo. Ilimbidi aijenge kwa misamiati, methali na tashbihi, na ndiyo sababu Siku Njema imesheheni pambo. Ni riwaya ya mtu anayethibitisha kwamba anaijua lugha.

Hapo ndipo penye kinaya. Wanafunzi waliichukua riwaya hiyo na kuikariri. Misemo yake ikahama na kuingia katika insha za Kitui, Kisii na Kakamega. Walimu waliofundisha mwishoni mwa miaka ya 1990 watakumbuka jinsi walivyokutana na sentensi zilezile katika madaftari ya watoto wasiofahamiana. Kitabu ambacho kilikuwa ushahidi wa mtu mmoja kuipata sauti yake kikawa ghala la sauti za kuazima. Hata hivyo hatudhani kwamba hilo ndilo walilojifunza peke yake. Chini ya misemo mtoto alijifunza kwamba mtu anaweza kusimulia maisha ya kijana maskini, asiyejulikana, kwa "mimi", na nchi nzima ikamsikiliza. Na aliposikia kwamba aliyeandika ni mtu wa Bungoma, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya Siku Njema mwandishi alilegeza mavazi. Kufa Kuzikana (2003) huzungumzia chuki ya makabila, na jamii zake zimepewa majina ya kubuni. Miaka minne tu baadaye uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na umwagaji damu, na Lugari nayo ikaguswa, watu wakahama makwao. Katika skimu iliyokutanisha jirani wa lugha nyingi, kuna mambo ya wakati ule ambayo mpaka leo hayasemwi waziwazi kwa majina halisi, kwa sababu wahusika wangali wanachota maji mto mmoja. Kijana anayetaka kuyaeleza ana njia iliyokwisha kufunguliwa: ayape makabila majina mengine, nchi jina jingine, aseme. Kwa njia hiyo kubuni kunambakizia mtu jirani zake.

Mwaka 2014 Walibora alichapisha tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Kati ya Siku Njema na tawasifu hiyo ni miaka kumi na minane, na mpangilio huo unastahili kuangaliwa na wale wanaofundisha uandishi. Kwa kawaida twamwambia mwanafunzi aanze na maisha yake, kisha ajaribu kubuni. Mwandishi huyu alikwenda kinyume. Kwanza alikuwa Msanifu Kombo wa Tanga, kisha watu wengine wengi, na mwishowe ndipo akawa yeye mwenyewe, kwa jina lake. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya wa umilisi umeitaja hali ya mwanafunzi kujiamini miongoni mwa mambo anayopaswa kukuzwa nayo. Wanaoutekeleza katika shule za Lugari watafanya vyema wasianze kwa kumtaka mtoto aeleze habari zake. Wampe kwanza jina la mtu mwingine na sentensi moja yenye "nili-", wamwache aende. Na madaftari yakijaa, wasiyatumie kuwashia moto jikoni, kama yanavyotumiwa sasa. Ndani yake mna Kiswahili cha Mautuma ambacho hakijaandikwa mahali pengine popote.